Kofia za Msuko wa Kushoto

Mteja hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. Alisimama mbele ya meza ya Fundi Saa, pale kibarazani nje ya duka la mikate, akanyoosha kiganja kama mtu anayemwomba jirani kiberiti.

"Nipe saa yangu, fundi. Hivyo hivyo ilivyo."

"Imebaki skrubu moja tu, bwana. Pita jioni."

"Jumatatu uliniambia nipite jioni. Leo Alhamisi."

Fundi Saa akainamia kitambaa cheupe alichotandaza mezani. Skrubu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko yai la chawa, nayo ilikuwa karibu na kidole gumba chake cha kulia. Yeye alikuwa akiipapasa upande wa kushoto. Mkewe, aliyekuwa amemletea chupa ya chai, aliiona.  Akajitia kupangusa meza kwa upindo wa nguo yake, akaisukuma ile skrubu polepole hadi vidole vya mumewe vilipokuwa.

Mteja aliona yote. "Mama," akasema kwa upole, "usimfichie. Macho yakichoka yamechoka."

Akakusanya saa yake vipande vipande, akavifunga kwenye leso kama mtu anayefunga meno yaliyong'oka, akaenda zake kwa fundi wa stendi. Na fundi wa stendi, Fundi Saa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Mbali aliona vizuri. Angeweza kukutajia rangi ya vifungo vya mtu aliye mwisho wa mtaa. Ni karibu tu ndipo kila kitu kilipogeuka maji. Miwani inayouzwa kwa kuning'inizwa barabarani alikwisha kuijaribu, jozi kumi na moja, muuzaji akawa anamhesabia kwa sauti ili wapita njia wacheke. Haikufaa hata moja, kwa sababu kila jicho lake lilikuwa na namba yake. Daktari wa macho alimwandikia karatasi, na mwenye duka la miwani akaisoma, akasema elfu tisini. Kwenye bahasha chini ya godoro walikuwa na elfu thelathini na nane, na mezani wateja walikuwa wakipungua kila siku. Bila miwani hakuna saa, na bila saa hakuna miwani. Huo ndio mduara waliokuwa wakizunguka ndani yake kwa miezi mitano.

Mkewe mtaani walimwita Dobi. Alifua na kukunja mashuka ya hoteli miaka kumi na miwili, mpaka hoteli ilipofunga chumba cha kufulia. Jina likabaki, kazi ikaondoka.

*

"Mama, si ulisema unataka kazi ya kukaa?" Binti yao wa mwisho alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, simu mkononi. "Hebu waone hawa."

Dobi akaisogeza simu mbali kidogo na uso. Aliona picha ya mwanamke anayecheka, sindano mbili ndefu mikononi, na pembeni lundo la nyuzi za rangi kama matunda sokoni. Ukurasa uliitwa Fuma Ulipwe. Chini yake kulikuwa na maneno: Hujui kufuma? Tutakufundisha bure. Huna vifaa? Tunavyo. Huna soko? Soko ni sisi.

"Mwanangu, mimi sindano ninayoijua ni ya kushonea kifungo."

"Ndio wanaowataka, mama. Wameandika wazi, kwa wanaoanza."

Kweli walikuwa wakiwataka wasiojua. Kwa nini waliwataka, hilo Dobi alikuja kulielewa baadaye.

Ukurasa ule ulikuwa na kundi lake, wanawake zaidi ya elfu moja, na ndani ya kundi mtu aliuliza neno akajibiwa papo hapo. Mmoja aliuliza uzi unaokatika unaungwa vipi. Mwingine alituma picha ya kitu alichokiita soksi, wenzake wakamuuliza kama ni ya mguu au ya mkia. Aliyewajibu wote aliitwa Dada Mshauri. Hakuna aliyejua sura yake, lakini majibu yake yote yaliishia pale pale: nunua boksi letu la kuanzia. Ndani ya boksi kuna sindano mbili, madonge kumi na mawili ya uzi na karatasi ya maelezo. Bei elfu thelathini na tano. Fuma kofia kumi na mbili, tutazinunua elfu nane kila moja; soksi pia tunanunua.

Jioni wakiwa mezani, Dobi alimpigia mumewe hesabu.

"Tisini na sita. Unapata miwani, na elfu sita inabaki."

"Hiyo ni pesa ya macho, mama watoto."

"Ndiyo, na imekaa chini ya godoro miezi mitano haijazaa. Au unataka tuiatamie?"

Fundi Saa akacheka kwa pua. Halafu akazungusha kikombe mezani. "Ukifuma kama unavyoimba, tumekwisha," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

*

Boksi lilifika na kona moja imebonyea. Sindano moja ilikuwa ndefu kuliko mwenzake kwa upana wa kidole. Uzi ulinuka stoo. Ile karatasi ya maelezo ilikuwa imenakiliwa mara nyingi hivi kwamba maneno yalionekana kama nzi waliopondwa. Dobi alipouliza kwenye kundi, Dada Mshauri alimjibu aangalie video, video ni bure.

Video zilikuwa bure, bando halikuwa bure. Lakini zilisaidia. Mwalimu wa kwenye video hakuonyesha uso, mikono tu, mikono minene yenye pete moja, akiwa ameketi kuwaelekea watazamaji. Dobi aliisimamisha simu kwenye kopo la sukari, akaketi mkabala nayo, akawa anaiga. Mwalimu akiinua mkono huu, naye aliinua ulioelekeana nao. Akipitisha uzi upande huu wa meza, naye aliupitisha upande huo huo wa meza. Haikumpitia kabisa kwamba kuna njia nyingine. Miaka kumi na miwili alikunja mashuka ya vitanda vikubwa, na shuka kubwa hukunjwa na watu wawili wanaotazamana: mkono wako wa kulia unakwenda na mkono wa kushoto wa mwenzako, mnasogeleana, mnapokezana pembe, mnarudi. Mikono yake ilikuwa imezoea kufanya kazi na mtu aliye mbele yake. Ikafanya kazi na simu vilevile.

Juma la kwanza alifuma na kufumua. Uzi ukaota manyoya. Vitanzi vilimponyoka, na kila kitanzi kilichoponyoka kilishuka kama mtu anayeteleza kwenye ngazi. Aliuliza kwenye kundi. Dada Mshauri akamwambia anunue sindano bora, elfu kumi na mbili. Aliyemsaidia kwa kweli alikuwa mwanachama mwenzake aliyejiita Mama Soksi, ndiye yule wa soksi ya mkia. Huyu alimwandikia pembeni: "Dada, usinunue chochote. Kitanzi kikiponyoka chukua kijiti cha kibiriti, kivue taratibu, kipandishe kimoja kimoja. Mimi navua hivyo kama samaki."

Dobi akavua. Kufikia juma la tatu vidole vilikuwa vinajiendea vyenyewe. Kila kofia ilikuwa na msuko mmoja mbele, mnene, kama nywele za mtoto aliyesukwa kwa ajili ya picha. Fundi Saa hakuziona vizuri, ila alizipapasa moja baada ya nyingine kama anavyopapasa gia za saa.

"Zinalingana," akasema. "Zote zinalingana."

Kwa mtu wa kazi yake, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Dobi aligeukia ukuta asionekane anavyotabasamu.

*

Alipeleka kofia kumi na mbili mwenyewe, kwenye ofisi iliyokuwa ghorofani juu ya duka la magodoro. Dada wa mapokezi alizihesabu bila kuzitazama, akamwambia ataletewa ujumbe. Ujumbe ulikuja baada ya siku nne, na ulikuwa mfupi: Bidhaa zako hazikukidhi kiwango. Hazitalipwa. Jaribu tena na boksi jipya.

Aliusoma mara tatu. Akaandika kuuliza kosa ni nini. Akaandika tena kuomba basi arudishiwe kofia zake. Dada Mshauri akajibu kwa upole mwingi, na tabasamu la manjano mwishoni: "Mpendwa, bidhaa zisizokidhi kiwango huharibiwa ili kulinda jina la kampuni. Usikate tamaa."

Dobi alituma picha za kofia zake kwa Mama Soksi, zile alizopigiwa na binti yake kabla ya kuzipeleka.

"Mbona nzuri," Mama Soksi akampigia simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima mwenye kikohozi. "Zimekaza vizuri. Ila mwenzangu, msuko wako umelala kushoto. Kwenye karatasi unalalia kulia. Hivi ulikaa unatazamana na simu?"

"Sasa nitazamane na nani?"

Mama Soksi akacheka mpaka kikohozi kikamzidi. "Umefuma kwa kioo, dada. Kila kitu umekigeuza. Si kosa, kofia inavaliwa vilevile, lakini labda ndicho walichokiona."

Basi Dobi akaamini kwamba kosa ni lake. Hilo ndilo linalokera ukilifikiria. Mwanamke aliyekaa majuma matatu shingo imekakamaa, alikwenda kwa mumewe kuomba radhi. Alisimama mlangoni mikono nyuma kama mtoto aliyevunja sahani, akasema, "Nimeiunguza pesa ya macho yako. Sikujua kutazama."

"Tuko wawili tusiojua kutazama," Fundi Saa akajibu. Hakumlaumu. Lakini usiku ule hakula, akasema tumbo limejaa.

*

Siku kumi baadaye binti yao aliingia ndani na viatu vyake, jambo ambalo katika nyumba ile halikuruhusiwa.

"Mama, njoo uone."

Ulikuwa ukurasa mwingine, wa duka la nguo, picha safi, mandhari nyeupe, wasichana warembo wamevaa kofia. Kofia za mkono, maneno yalisema, elfu ishirini na tano kila moja. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la wauzaji lilikuwa lile lile la Fuma Ulipwe.

Dobi alizitazama picha moja moja. Kofia ya kwanza, msuko umelalia kulia. Ya pili, kulia. Ya tatu, kulia. Ya nne aliisogeza simu karibu, akaikuza kwa vidole viwili. Msuko ulikuwa umelala kushoto. Ya tano, kushoto. Ya sita akaacha kutazama, akaiweka simu mezani.

"Hizi ni zangu," akasema. "Hizi waliniambia wameziharibu."

Akaandika chini ya picha, kwa herufi alizozitafuta moja moja: Hizi kofia nimefuma mimi, mliniambia hazifai, mbona mnaziuza. Akaenda kutoa sufuria jikoni. Aliporudi, maneno yake hayakuwepo. Akayaandika tena. Safari hii alifungiwa nje kabisa. Ukurasa ukawa hauonekani, na kundi pia likawa halionekani, kama nyumba iliyohamishwa na ukuta wake. Binti akajaribu kwa simu yake. Naye akafungiwa.

Jioni alimpigia Mama Soksi. Mama Soksi hakucheka. "Mimi nilipeleka soksi jozi kumi na nne," akasema. "Wakasema hazifai. Nikanunua boksi la pili. Wakasema hazifai. Mimi nilidhani ni uzee." Akakohoa. "Ngoja niulize wengine pembeni."

Wengine walikuwa tisa, hao ni waliopatikana haraka haraka tu. Wote walinunua boksi, wote walifeli, na kati yao hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake, kwa sababu kila mmoja aliona aibu ni yake peke yake. Na nani atajitangaza mbele ya watu elfu moja kwamba hata kofia imemshinda? Aibu hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe. Uzi ulikuwa kisingizio tu.

*

Walikubaliana kwenda ofisini wote kumi na mmoja. Siku ilipofika, walikuwa wanne. Mmoja alikosa nauli, mmoja alikatazwa na mumewe, wengine waliandika kwamba wana dharura. Mama Soksi alikuja, mfupi, mnene, amevaa soksi zake mwenyewe, moja imemshuka.

"Mna miadi?" dada wa mapokezi akauliza.

"Tuna kofia," Mama Soksi akajibu.

"Bila miadi Meneja haonani na mtu."

"Mwambie hatukuja kuonana. Tumekuja kukaa." Wakakaa. Viti vilikuwa viwili, wawili wakakaa sakafuni, miguu wameinyoosha hadi mlangoni. Akaja mteja wa boksi, akawaruka miguu, akauliza kuna nini. Hapo ndipo Meneja alipotoka.

Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi vizuri. Dobi aliliona hilo kwanza, kwa mazoea. "Mama zangu," akasema, "karibuni, karibuni. Mngepiga simu tu." Wakamweleza. Akasikiliza akiwa amefumbata mikono. "Sasa mama, kofia ni kofia. Utajuaje hii ni yako? Ina jina?"

 Dobi alifungua mfuko wake, akatoa zile sindano mbili zisizolingana na masalia ya uzi wa kahawia, akaanza. Ikasikika kik, kik ya sindano. Alipofika kwenye msuko akaupindisha, akafuma mistari sita tena, akampelekea Meneja machoni. Kisha akafungua picha kwenye simu ya Mama Soksi, akaviweka pamoja.

"Nionyeshe mwanamke mwingine anayefuma kinyume hivi," akasema, "nitaomba radhi hapa hapa."

Meneja akatazama, akatazama mlango, ambako yule mteja wa boksi alikuwa bado amesimama. "Mama, wewe njoo ndani. Wewe peke yako."

Ndani kulikuwa na feni na lundo la kofia kwenye mifuko ya plastiki. Meneja alihesabu noti mezani polepole, akazilaza kama mtu anayepanga karata. Laki moja.

"Kulikuwa na makosa kwa upande wa stoo," akasema. "Kwako tu. Hii ni yako yote, na zaidi. Saini hapa tumalizane kama watu wazima."

Dobi alizitazama noti. Hakuona noti, aliona mume wake akiokota skrubu kwa mara ya kwanza bila kupapasa. Alichukua hata kalamu. Lakini miaka kumi na miwili ya hotelini ilimfunza kutosaini kitu asichokisoma, maana huko mtu alikuwa akisainishwa taulo hamsini akiwa amepewa arobaini na tano. Akasoma.

Karatasi ilisema kwamba mtajwa alipeleka kofia kumi na mbili zisizo na thamani. Kwamba kampuni, kwa huruma yake, imeamua kumsaidia. Kwamba mtajwa anakiri kusema uongo mtandaoni, uongo aliochochewa na mwanamke ajulikanaye kama Mama Soksi, na yuko tayari kulithibitisha hilo popote atakapoitwa. Chini kulikuwa na muhuri wa bluu na saini ya Meneja, tayari.

"Na wale wa nje?" akauliza.

"Wale kazi zao kweli ni mbovu, mama. Wewe una kipaji."

Dobi akairudisha kalamu mezani, akaikunja karatasi mara nne kwa kingo zilizolingana kama shuka, akaitia mfukoni.

"Hiyo karatasi iache."

"Si umesema ni yangu?"

Akatoka. Nje wenzake walimtazama mikononi kwanza, halafu usoni. Hapo alijua kwamba hata wao walikuwa tayari kumsamehe kama angekubali, na hilo likamuuma kuliko matusi.

*

Fundi Saa hakumsamehe.

"Laki moja," akasema. "Ilikuwa mezani. Umeiona kwa macho yako."

"Nimeiona."

"Wewe unayo ya kuonea." Alisema bila kupaza sauti, kama yule mteja wa saa. "Leo nimekaa tangu asubuhi, amekuja mtu mmoja. Alitaka kujua saa ngapi. Mimi, fundi saa, nikamwambia amuulize muuza mikate. Na wewe unakataa macho yangu kwa ajili ya watu uliowajua kwenye simu."

"Baba watoto, walitaka niseme kofia hazikuwa na thamani."

"Sema basi. Maneno yanauma nani?"

"Ulizipapasa mwenyewe. Ulisema zinalingana."

 Binti yao alikuwa jikoni, akiosha chungu kimoja kwa muda mrefu kuliko chungu kinavyohitaji.

"Nisomee," Fundi Saa akasema mwishowe. Dobi akasoma. "Rudia pale penye huruma." Akarudia. "Na hapo penye mwanamke ajulikanaye." Akarudia. Mumewe alikuwa ameshika tama, macho yameelekea ukutani. "Arobaini na mbili," akasema. "Miaka arobaini na miwili nafanya kazi. Nimekosea saa za watu, nimezirudisha, nimelipa. Sijawahi kumwambia mtu saa yake ni mbovu nikaenda kuiuza mtaa wa pili." Akanyoosha mkono. "Nipe hiyo karatasi."

*

Asubuhi alikuwa hayupo, wala meza yake, wala kigoda. Dobi alikwenda kibarazani, muuza mikate akamwambia hajamwona. Saa sita mchana Mama Soksi akampigia simu akiwa anacheka na kukohoa kwa pamoja, akamwambia aende tu kwenye lile duka la magodoro.

Fundi Saa alikuwa ameketi chini ya ngazi za ofisi, ngazi pekee ya kupandia. Meza ipo, kitambaa cheupe kimetandazwa, bisibisi zimepangwa kwa ukubwa. Hakukuwa na saa hata moja. Katikati ya kitambaa ilikuwepo ile karatasi yenye muhuri wa bluu.

Msichana mwenye mkoba alikuwa anapanda. Mzee akainua uso.

"Binti yangu, samahani. Unakwenda kuchukua boksi la kufumia?"

"Ndiyo, mzee. Nimeshalipia nusu."

"Heri yako. Mimi mke wangu amepewa karatasi huko juu, na macho yangu ya karibu hayaoni. Hebu nisomee tu, polepole."

Nani atamnyima mzee asiyeona? Msichana akaweka mkoba chini, akasoma. Alianza kwa sauti ya heshima, ya shuleni. Kwenye kofia zisizo na thamani akapunguza mwendo. Alipofika kwa Mama Soksi akatazama juu, akatazama muhuri.

"Mzee, mkeo alifuma ngapi?"

"Kumi na mbili. Zote zinalingana. Zinauzwa, muulize yeyote akuonyeshe."

Yule msichana hakupanda. Lakini hakuondoka pia. Alisimama pembeni, karibu na magodoro, akiwa na wanawake wengine sita ambao Dobi alitambua sasa kwamba nao walikuwa wameisoma ile karatasi. Mmoja alikuwa na boksi lake mkononi, halijafunguliwa. Mwenye duka la magodoro alikuwa amewatolea godoro moja wakalie, naye amesimama mlangoni, mikono kiunoni, kama mtu aliyepata sinema ya bure.

"Umewasomesha watu wangapi?" Dobi akamnong'oneza mumewe.

"Sijui. Sioni," akajibu, uso umetulia kama maji ya mtungi.

Mlango wa juu ukafunguka. Meneja akasimama kichwani mwa ngazi, akichungulia kwa nini tangu asubuhi hakuna anayepanda. Ni mbali, ngazi kumi na tisa. Na mbali, kama ilivyosemwa, Fundi Saa aliona vizuri: viatu vilivyong'aa, shati lililopigwa pasi, saa ya mkononi yenye mkanda wa chuma. Alimtazama akishuka ngazi zote kumi na tisa. Alipofika chini, mzee akachukua karatasi kwa mikono miwili na kumkabidhi, kichwa ameinamisha kidogo.

"Kijana, samahani," akasema, "wewe naona umesoma. Nisomee hii. Soma kwa nguvu, mwanangu, hawa wa nyuma nao wasikie."

Meneja alikuwa ameshaipokea kabla ya kujua ni nini. Akaiona saini yake. Akainua macho, na wanawake wote waliokuwa kwenye godoro wakasimama, wakasogea karibu, wakamsubiri asome.